Kwadi ya zamani haitulii sailensi: usafishe kabureta yake, ununue kopi, au uweke mpya?

Yamaha Blaster, kwadi (pikipiki ya magurudumu manne), ilitengenezwa kuanzia mwaka 1988 hadi 2006. Banshee, ndugu yake mkubwa mwenye silinda mbili, ilianza 1987, na nchini Marekani iliacha kuuzwa mpya mwaka huohuo wa 2006. Ni mashine za zamani, lakini wenyewe hawajazitupa. Nenda Bidiya, Oman, kwenye mlango wa mchanga wa Sharqiya, msimu wa baridi unapoanza. Utazisikia kabla hujaziona, maana mlio wa injini ya mipigo miwili haufichiki.

Msomaji aliyeko Maskati au Dubai akinunua moja iliyokwisha tumika, lalamiko la kwanza huwa lilelile: haikai sailensi, yaani haingurumi taratibu yenyewe bila kuvutwa mafuta. Inawaka kwa choki, ukirudisha choki inazima. Au inapanda resi yenyewe bila kuguswa. Au inatulia vizuri asubuhi, ikishapata moto inakuwa ya kushikiliwa mafuta kila ukisimama. Kisha anatokea mtu anasema, "Badilisha kabureta tu." Ukiuliza ibadilishwe na ipi, majibu yanakuwa mengi: safisha ileile, nunua kopi ya bei rahisi, tafuta Mikuni (chapa iliyotoka nayo kiwandani) mpya orijino, hamia chapa nyingine, Keihin.

Hapa nazilinganisha njia hizo nne. Msimamo wangu nautanguliza: Mikuni ya zamani ambayo mwili wake haujalika, ikisafishwa kwa ukamilifu, inaishinda kopi mpya karibu kila mara. Ila hakuna kabureta ya bei yoyote itakayotuliza injini inayovuta hewa pasipostahili, na kwenye mashine za umri huu hilo ndilo jambo la kwanza la kulithibitisha.

Kwanza: kabureta ina kosa, au inasingiziwa?

Fundi aliyezoea injini za mipigo minne huwa hafikirii sili za krenki anaposikia habari ya sailensi, na ana sababu: kwenye mipigo minne, chumba cha krenki hakihusiani na njia ya hewa. Kwenye mipigo miwili ndicho njia yenyewe. Pistoni ikipanda, inavuta petroli na hewa kutoka kwenye kabureta kuingia chini, kwenye krenki. Ikishuka inausukuma mchanganyiko huo upande juu kwenye silinda. Kwa hiyo sili ya krenki iliyokauka, gasketi ya chini ya silinda iliyochoka, au mpira wa kabureta wenye ufa, vyote vinaingiza hewa ambayo haikupita kwenye jeti, vile vitundu vya shaba vinavyopima petroli.

Na kwa nini ugonjwa huo uonekane kwenye sailensi kabla ya mahali pengine? Kwa sababu wakati huo slaidi ya kabureta, kile kipande kinachopanda ukivuta mafuta, imefunga karibu yote, na hewa inayopita ni kidogo mno. Ufa ambao ukiwa mwendoni usingeuona, kwenye sailensi unaleta sehemu kubwa ya hewa yote inayoingia. Mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani petroli ni haba kuliko hewa, resi zinapanda zenyewe, au injini inakatika.

Dalili zinatofautiana ukizitazama kwa makini. Jeti ndogo iliyoziba huwa haibadilikibadiliki: leo inazima ukirudisha choki, kesho hivyohivyo, na ukizungusha skrubu ya hewa huku na huku injini haisikii chochote. Hewa inayovuja ni kigeugeu. Unapiga resi, unaachia, na injini inachelewa kushuka; inaning'inia juu kwa muda ndipo inashuka. Ikiwa baridi iko hivi, ikipata moto iko vile. Plagi ukiifungua, kauri yake imekuwa nyeupe.

Kuna na uvujaji wa namna ya pili unaowachanganya wengi. Sili ya upande wa kushoto, nyuma ya magneti, ikichoka inaingiza hewa kavu. Sili ya kulia, upande wa klachi, ikichoka inavuta oili ya gia. Hapo injini haikauki, bali inatoa moshi mzito usiokwisha, plagi inalowa, na oili ya giaboksi inapungua bila tone hata moja kuonekana chini. Mwenye mashine anadhani kabureta inamwaga petroli nyingi, ananunua mpya, na moshi unabaki palepale. Kama oili ya gia inapungua, usinunue kabureta. Nunua sili.

Kipimo cha kweli ni cha shinikizo. Toa ekzosi na kabureta. Ziba tundu la ekzosi kwa mpira na kibano. Ziba tundu la kabureta kwa kizibo chenye vali ya tairi. Ziba na mpira wa oili kama upo, na plagi iwe imekazwa mahali pake. Kisha jaza kwa pampu ya mkono hadi psi 6, usizidishe 10 kwa sababu sili zinaweza kuchomoka. Kaa uangalie geji. Ikishikilia kwa dakika 6, injini yako imefunga vizuri. Mafundi wengi wa mipigo miwili wanavumilia kupungua kwa psi 1 kwa dakika. Zaidi ya hapo, tafuta tundu. Pakaza maji ya sabuni kwenye mpira wa kabureta, kwenye gasketi ya chini ya silinda, na kwenye hedi. Fungua kava la magneti upakaze nyuma yake. Fungua kizibo cha kujazia oili ya gia, usikilize. Povu dogo linalochungulia pembeni mwa mpira, au mvumo mwembamba unaotoka giaboksi, ndio jibu la swali ambalo ungelinunulia kabureta tatu.

Wapo wanaopuliza spirei ya kabureta juu ya injini inayowaka na kusikiliza kama resi zitabadilika. Njia hiyo inaonyesha kitu, lakini unapuliza kimiminika kinachowaka karibu na ekzosi ya moto. Sabuni na pampu havimchomi mtu.

Kwenye Banshee ongeza jambo moja: kuna kibomba cha mpira kinachounganisha manifoldi mbili za kabureta. Kikipasuka, silinda zote mbili zinakunywa hewa ya bure. Na kwenye Blaster ambayo mwenyewe wa zamani aliondoa pampu ya oili ili achanganye kwa mkono, hakikisha tundu la mpira wa oili limezibwa sawasawa. Nimeona pameachwa kipande cha mpira kilichofungwa kwa uzi.

Ukiwa hapohapo, pima kompresheni. Blaster ambayo haijaguswa inapaswa kuwa kwenye psi 120 hivi. Ikiwa chini ya 100, ringi na pistoni zinakuita kabla ya kabureta. Fungua na boksi la ridi: vile vilimi vikipasuka ncha au visipolala vizuri, mchanganyiko unarudi nyuma, kabureta inatema ukungu wa petroli kwenye boksi la hewa, na sailensi inakuwa ya kukohoa.

Halafu TORS. Mashine hizi mbili zilitoka na mfumo wa usalama unaokata moto wa plagi pale ambapo kidole kimeachia mafuta lakini slaidi haijashuka. Ni wazo zuri. Ila swichi zake zikizeeka, au kebo ikilegea kuliko inavyotakiwa, mfumo unadhani slaidi imenasa na kuanza kukata moto. Injini inamisi, haitaki kupanda, na inafanana kabisa na yenye uchafu kwenye jeti. Zichomoe waya zake kwa muda mfupi, mashine ikiwa imesimama. Hitilafu ikitoweka, kabureta haikuwa na kosa. Ukiamua kuiondoa TORS moja kwa moja, weka swichi ya kamba inayofungwa mkononi, ili ukianguka injini izime.

Njia ya kwanza: kuisafisha Mikuni iliyopo

Blaster ina Mikuni VM26 moja, Banshee inazo mbili. Ni kabureta ya slaidi ya duara, muundo rahisi, wa ukoo uleule wa VM unaojulikana na mafundi wa Afrika Mashariki kupitia pikipiki za zamani za DT. Fundi wa Tanga au Kisumu aliyezifungua hizo hatapata cha kumshangaza hapa.

Faida kubwa ya kubaki nayo ni kwamba kila kitu ndani yake kilichaguliwa kwa injini hiyo: mkato wa slaidi, sindano, na njia za hewa zilizotobolewa kiwandani. Hasara ni kwamba usafi wa nusunusu ni sawa na kutosafisha. Wengi wanafungua bakuli, wanapuliza kwa mdomo, wanafunga, kisha wanatangaza kwamba kabureta imekufa.

Sailensi inategemea jeti ndogo, ile iliyozama kwenye kisima chembamba kando ya jeti kuu. Tundu lake halifiki nusu milimita. Petroli iliyolala miezi kadhaa inaacha utomvu, na tone moja la utomvu linatosha kulipunguza tundu hilo hata kama mwanga unapita. Hapo ndipo watu wanakosea: wanaona mwanga, wanaridhika. Mwanga unapita hata kwenye tundu lililobaki nusu.

Itoe kwa bisibisi inayoenea sawasawa, maana shaba yake ni laini na kichwa kinaharibika haraka. Iloweke kwenye dawa ya kabureta, kisha pitisha unyuzi mmoja mwembamba wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano ya chuma wala kitu cha kutobolea. Ukiipanua umeibadilisha namba, na hutajua imekuwa ngapi.

Sasa sehemu wanayoiruka karibu wote. Jeti ikiwa imetolewa na skrubu ya hewa imetolewa, vaa miwani, chomeka mrija wa spirei kwenye tundu la skrubu ya hewa na upulize. Dawa lazima itoke kwa nguvu kwenye kisima cha jeti ndogo, kwenye kitundu kilichopo mdomoni upande wa boksi la hewa, na kwenye vitundu vidogo sana vilivyo kwenye sakafu ya koo la kabureta, karibu na slaidi inapotua. Tazama vitundu hivyo vya sakafuni. Mara nyingi kimoja kinatoa mnyunyizo mzuri wa dawa na kingine kinalia machozi. Kinacholia ndicho kinachozimisha injini yako. Rudia dawa, iache ilowe, puliza kwa kompresa, mpaka vyote vitoe sawa.

Usiichemshe kabureta kwenye siki wala ndimu. Asidi inaitafuna aloi yake na kuiacha na vidoti. Na kabla ya dawa yoyote, toa mipira yote, maana itavimba.

Badilisha vali ya floti pamoja na kitako chake, oringi ya skrubu ya hewa, gasketi ya bakuli, na kaki ya mpira iliyo mwisho wa pini ya choki. Hiyo ya mwisho ni ndogo na inasahaulika. Ikiwa ngumu au ina mfinyo, choki haizibi, na injini inakunywa petroli ya ziada muda wote: inawaka vizuri ikiwa baridi, inasongwa ikiwa ya moto, plagi nyeusi na yenye kulowa. Ili kuijaribu vali ya floti, geuza kabureta juu chini na uvute hewa kwa mdomo kwenye mpira wa petroli. Ikishikilia ulimi wako, imefunga.

Kuna kabureta ambazo hazisafishiki zikapona. Ishike ikiwa kavu, slaidi ikiwa ndani, uitikise kwa kidole mbele na nyuma. Mchezo kidogo ni wa kawaida. Ikigonga kama kitu kilicholegea, na ukaona mng'ao wa slaidi umekwaruzika kwa mistari mirefu, mchanga umeshapita pale. Kwadi iliyokimbizwa miaka kwenye matuta bila sponji ya hewa kupakwa oili inaishia hivyo. Hewa inapita pembeni mwa slaidi, na hakuna skrubu ya kuirekebisha. Slaidi mpya kwenye mwili uliolika inapunguza tatizo kidogo tu. Hapo njia ya kwanza imefungwa.

Njia ya pili: kopi

Mvuto wake ni bei, na sitaidharau. Kopi ya VM26 inapatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei ya orijino, inafika na slaidi isiyolika, mwili unaong'aa, na bomba la petroli mahali palepale. Kwa mtu ambaye kabureta yake imelika kabisa na mfuko hauruhusu, ni njia ya kurudisha mashine mchangani.

Shida iko ndani. Blaster nyingi zilitoka kiwandani na jeti kuu 230 na jeti ndogo 32.5. Banshee, kwa kabureta ya ukubwa uleule, ilitoka na jeti kuu 200 na jeti ndogo 25. Kwa hiyo kopi iliyoandikwa kwamba inafaa zote mbili, ikiwa na seti moja ya jeti, haiwezi kuwa inasema kweli kwa zote mbili. Tena namba zilizopigwa kwenye shaba za kopi si za kuaminika: jeti mbili zenye namba moja zinaweza kupitisha petroli tofauti. Mkato wa slaidi nao huwa wa kubahatisha, na huo ndio unaotawala pale unapoanza kuvuta mafuta kidogo. Ndiyo maana kopi nyingi zinatulia sailensi halafu zinajikwaa ukigusa tu.

Hatari yake si kujikwaa. Hatari ni ukavu. Kopi ikipitisha petroli pungufu kwenye mwendo mkubwa, hutaona chochote kwenye sailensi. Utaiona siku umeshikilia gia ya sita ukipanda tuta refu, injini inalia vizuri kuliko siku zote, kisha inanoki, pistoni inanasa. Injini ya mipigo miwili inapata oili pamoja na petroli. Petroli ikipungua, joto linapanda na ulainisho unapungua kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ukichukua kopi, ichukue kama mwili tu. Hamishia ndani yake jeti zako za zamani za Mikuni zilizosafishwa, pamoja na sindano, kama nyuzi zinakubali. Badilisha vali ya floti kwa iliyo orijino. Pima urefu wa floti ulinganishe na ile ya zamani ukizilaza mezani pamoja. Kisha soma plagi kabla ya kwenda mbali. Ukifanya hayo yote, umetumia muda uleule ambao ungetumia kusafisha ya zamani, na bei imeshapanda. Ndiyo sababu kopi haiwi ya kwanza kwangu maadamu mwili wa zamani ni mzima.

Kwenye Banshee kopi ni mbaya zaidi, kwa kuwa unahitaji mbili zinazofanana. Kopi mbili kutoka boksi moja zinaweza kutofautiana, na silinda moja ikakauka huku nyingine ikilowa. Na kamwe usiweke kopi moja na Mikuni moja.

Njia ya tatu: Mikuni mpya orijino

Hii ndiyo ningemshauri mwenye Banshee ambayo slaidi zake zimelika, na mwenye Blaster anayeitegemea kwenda mbali jangwani. Gharama ni kubwa kuliko njia zote za VM, ila jeti zinasema ukweli, spea zipo, na fundi yeyote akiikuta anajua anachokishika.

Jihadhari na mambo mawili. VM26 inayouzwa kama kabureta ya jumla si lazima ije na jeti za mashine yako, kwa hiyo agiza na jeti. Na kama mashine yako bado ina TORS, kifuniko cha juu cha kabureta ni cha TORS, na marekebisho ya sailensi yako hukohuko juu. Ukiiondoa TORS utahitaji kifuniko cha kawaida na skrubu ya sailensi. Watu wanainunua kabureta, wanafika nyumbani, wanakuta hakuna pa kurekebishia sailensi.

Jina la Mikuni nalo linaghushiwa. Angalia namba ndogo na ule mraba wa chapa kwenye jeti, sio maandishi ya kwenye mwili tu. Kazi ya orijino huwa haina ncha kali za chuma ndani ya koo, na slaidi inateleza kwa uzito wake bila kukwaruza.

Njia ya nne: Keihin PWK 28, au Mikuni TM ya slaidi bapa

Injini iliyobadilishwa ekzosi, boksi la ridi na hedi inafaidika na kabureta kubwa. Injini ya kiwandani yenye tatizo la sailensi haifaidiki, na hapa nataka nieleweke vizuri: PWK haitibu sailensi. Unahitaji mpira mwingine wa kuishikilia, pengine kebo nyingine, na unaanza upya kutafuta jeti ndogo, jeti kuu na sindano. Kila kiungo kipya ni mahali pengine pa hewa kuvuja. Kopi za PWK nazo zimejaa sokoni kuliko zenyewe.

Ukishamaliza kujenga injini na uko tayari kukaa na boksi la jeti mbalimbali, ni kabureta nzuri sana. Inaitikia kwa ukali kuliko VM. Lakini usiichague kwa sababu Blaster yako inazima kwenye mataa.

Kuzilinganisha kwa hali yako

Kama injini imepita kipimo cha shinikizo na slaidi haigongi, safisha na ubadilishe mipira. Hata kama umeshaambiwa ilisafishwa, fanya upya mwenyewe, uone vitundu vyote vikitoa dawa.

Kama injini haikupita kipimo, kabureta isubiri. Sili, gasketi na mpira wa kabureta kwa pamoja ni nafuu kuliko pistoni na kutoboa silinda upya, na mara nyingi baada ya hapo kabureta ileile iliyolaaniwa inafanya kazi bila kuguswa.

Kama slaidi imelika na mashine ni Blaster ya kutembelea karibu na nyumbani, mwili wa kopi wenye jeti za Mikuni unakubalika. Kama ni Banshee, subiri, weka akiba, nunua mbili orijino.

Suala la mahali na majira lihesabu pia. Jeti zilizopatana na joto la Oman la Agosti zinaweza kuwa kavu usiku wa Januari, kwa sababu hewa baridi ni nzito na inahitaji petroli zaidi. Kinyume chake, ukiipeleka mashine juu Saiq, kwenye Jebel Akhdar, karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa imepungua na mchanganyiko wa jeti zilezile unakuwa mzito, yaani petroli imezidi, na injini inasongwa. Ni tofauti ileile anayoijua mwenye pikipiki ya mipigo miwili anayetoka Mombasa kwenda Nairobi. Kabla ya kuilaumu kabureta uliyochagua, jiulize ilipangwa wapi na mwezi gani.

Na oili. Kwa mchanganyiko wa 32 kwa 1, lita 5 za petroli zinachukua mililita 156 hivi za oili. Ukiongeza oili kwa kuogopa kunoki, unaipunguzia jeti petroli, kwa sababu kinachopita ni ujazo uleule. Chagua kipimo kimoja, upange jeti kwa kipimo hicho, usikibadilishe.

Kuipanga baada ya kuchagua

Weka plagi mpya, NGK BR8ES, uwazi wa milimita 0.7 hadi 0.8. Injini ipate moto kwanza, kwa kuiendesha, si kwa kuisimamisha ikinguruma. Kaza skrubu ya hewa taratibu mpaka iguse, usiilazimishe, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Pandisha sailensi kidogo kwa skrubu yake ili isizime.

Sasa geuza skrubu ya hewa robo kwa robo, ukisubiri kidogo kila mara. Kwenye VM hii skrubu inatawala hewa: ukiikaza unaongeza uzito, ukiilegeza unakausha. Tafuta pale resi zinapokuwa juu kabisa na mlio umelainika, kisha kaza kidogo sana kurudi upande wa uzito, na ushushe skrubu ya sailensi. Kwenye Banshee hakikisha slaidi zote mbili zinaanza kunyanyuka kwa wakati mmoja. Injini ikiwa imezimwa, weka kidole kwenye kila koo, vuta mafuta polepole, utahisi iliyotangulia.

Skrubu ya hewa itakuambia kama ulichagua jeti sahihi. Sehemu nzuri ikiwa chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo ni ndogo mno, panda namba moja. Ikiwa imepita miwili na nusu, ni kubwa, shuka. Ikiwa haijali hata uizungushe vipi, kuna kitundu bado kimeziba, au hewa inaingia kwingine, na pampu ya psi 6 irudi mezani.

Mwisho endesha, piga gia ya tatu au ya nne ukiwa umevuta mafuta yote mahali palipo wazi, zima injini na ukamate klachi papo hapo, kisha fungua plagi. Kauri iwe na rangi ya kahawia ya mchanga. Ikiwa nyeupe, usiende popote mpaka umepandisha jeti kuu.